Malalamiko ya Mshindi wa Kesi ya Mtamba

Nangara, Babati
Oktoba 1984

Kwa Hakimu,
Mahakama ya Mwanzo

Ndugu Hakimu (au Mheshimiwa, kama tulivyoelekezwa kukuita tukiwa ndani),

YAH: KUOMBA USHINDI WANGU UONDOLEWE

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua siku ya kesi kimeachia. Mimi ni Genoveva, mjane wa marehemu Kasimiri, wa hapa Nangara. Watu huniita Mama Lea. Utanikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeshinda. Mdaiwa wangu ni Isidori wa Bonga, Baba Marcel, yule mrefu aliyenishikia mwavuli na mkoba wakati natoa ushahidi dhidi yake.

Nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, kwa hiyo nisamehe nikikosea namna ya kuiandikia Mahakama. Niliuliza watu jinsi ya kukata rufaa, wote wakaniambia anayekata rufaa ni yule aliyeshindwa. Tulipokuwa tunatoka mahakamani nilimwomba Baba Marcel akate yeye, maana ndiye mwenye haki hiyo. Akasema hawezi, kwa sababu ameridhika na hukumu, na wewe ulimsemesha kwa adabu. Basi imebaki kazi yangu mimi niliyeshinda kulalamika.

Kwanza nieleze deni lenyewe, maana siku ile muda ulikuwa mfupi na nje walikuwa wanasubiri wenye kesi ya mbuzi.

Miaka mingi iliyopita, kabla Lea hajazaliwa, ng'ombe wa Isidori walikufa kwa ndigana, wote isipokuwa fahali mmoja mzee ambaye hata ugonjwa haukumtaka. Mume wangu akampelekea mtamba mwekundu. Hawakuandikiana. Kwa desturi yetu, mtu uliyempa mtamba atakurudishia mtamba siku yoyote, hata kama wakati huo watoto wenu wameota mvi, na mpaka siku hiyo mtu huyo ni ndugu yako. Akirudisha haraka, ni kama anasema amekuchoka. Akikaa na mali yako kimya bila kuja kukuona, huyo tunamwita mwizi. Kwa hiyo yule mwenye deni huja. Anakaa, anakupa habari za ng'ombe, halafu anaomba avumiliwe.

Isidori alikuja kila siku ya soko. Nangara haiko njiani kwa mtu anayetoka Bonga kwenda sokoni, alikuwa anazunguka. Alikuwa ananipa kibuyu kidogo cha maziwa, anakaa karibu na mlango wa jiko, na anaeleza yule mtamba anaendeleaje, kisha binti zake, kisha wajukuu, kila mmoja kwa jina na tabia. Baada ya hapo anakohoa na kusema, “Baba Lea, lile jambo letu, naomba univumilie kidogo.” Na Kasimiri siku zote alijibu, “Kwani nani amekuuliza?” Wote wawili wanacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuambiana, na mimi namimina chai.

Kasimiri alipofariki mwaka juzi, Isidori hakuacha kuja. Siku ya soko ya kwanza baada ya matanga alikaa palepale, akaeleza habari za ng'ombe, akakohoa, akasema, “Mama Lea, lile jambo letu.” Nikasikia sauti yangu inajibu, “Kwani nani amekuuliza?” Hatukucheka. Tulifuta macho kwa kilichokuwa karibu, mimi kwa kitambaa cha sufuria, na uso wangu ukabaki na masizi mpaka jioni bila yeye kuniambia. Tangu siku hiyo jibu lile likawa langu. Katika vitu vyote alivyoacha mume wangu, hicho ndicho nilichorithi bila shemeji kukitaka.

Sasa naleta malalamiko yangu.

1. Hukumu imejengwa juu ya ushahidi wangu, na ushahidi wangu ulikuwa wa kumsifu.

Aliyenileta mahakamani ni shemeji yangu Severine wa Mutuka, mdogo wa marehemu. Aliniambia kwamba mimi, kama msimamizi wa mirathi, lazima nipeleke madai ya marehemu mahakamani. Mimi nilifurahi. Nilidhani Mahakama ni mahali pa kutunzia deni, kama parokia inavyotunza vyeti vya ubatizo. Nilifikiri utaliandika, utaligonga mhuri, na hata sisi tukifa, watoto wa Isidori na mtoto wangu watajua kwamba wao ni ndugu. Isidori naye alifikiri hivyo hivyo. Ndiyo maana siku ya kesi alipitia hapa kunichukua, tukaja pamoja tukila mahindi ya kuchoma, na mimi nilikuwa nimevaa kile kitenge changu cha Pasaka.

Ukaniuliza kama mdaiwa aliwahi kuomba kuongezewa muda. Nikajibu kwa majivuno kwamba aliomba kila siku ya soko, miaka yote, hata siku ya mvua kubwa. Ukaniuliza kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Sikutaka Mahakama imdharau, nikasema ana mitamba wengi na wamenona, na angeweza kulipa hata mara nne. Ukaniuliza kama alipokuja alileta chochote. Nikasema maziwa. Ukasema, “Kama sehemu ya malipo?” Nikasema, “Hapana, kama maziwa.” Karani akaandika. Kisha ukamgeukia yeye ukamuuliza kama anakiri deni. Isidori akasimama, akavua kofia, akasema, “Ninakiri kabisa, mheshimiwa, na baba yangu alilijua.”

Niliona ukimtazama kwa muda mrefu juu ya miwani. Mimi nilidhani umeguswa.

Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba kila neno nililosema lilikuwa sifa, na Mahakama imeyapokea maneno yote na kuyavaa ndani nje. Ningejua, ningemsingizia mambo mabaya ili aachiwe.

2. Mahakama imemuuliza.

Kasimiri hakuwahi kumuuliza, mimi sijamuuliza, Severine mwenyewe aliogopa kumuuliza akaja kwako. Ninyi ndio watu wa kwanza tangu deni lile lianze kumwambia Isidori alipe. Na mkampa mwezi mmoja. Ndugu Hakimu, deni hili limeshakuwa zee. Mzee hasukumwi hivyo, hata kama anavuka barabara na lori linakuja.

3. Mahakama inapokea mali yangu.

Hili ndilo linaloniuma, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Baada ya hukumu, karani wako Teodori alimwambia Isidori kwamba kuanzia siku hiyo jambo lolote la deni lipitie kwake, asiende tena nyumbani kwa mdai. Najua Teodori alifuata taratibu, na ni kijana mwenye heshima, mama yake namfahamu. Lakini hakumjua Isidori. Isidori akiambiwa asikanyage majani, atazunguka hata wakati wa kiangazi ambapo majani yenyewe hayapo. Basi sasa siku ya soko inapofika, Isidori anakwenda mahakamani. Anakaa kwenye benchi. Anampa Teodori kibuyu cha maziwa. Anaeleza habari za ng'ombe, anakohoa, anaomba avumiliwe. Na Teodori hajui jibu. Nasikia anamwambia, “Mzee, tarehe unaijua.”

Maziwa sitadai, kijana anywe. Kinachonihusu ni maneno. Isidori na Kasimiri walichunga pamoja wakiwa wadogo, kule juu Mbulu, kabla mimi sijajua kama kuna mtu anaitwa Kasimiri. Mimi nilimpata mume wangu akiwa ameshaanza kuvaa viatu. Yule wa kabla ya viatu anajulikana na Isidori peke yake. Na kila alipokuja, katikati ya habari za ng'ombe, alikuwa anaangusha habari moja ambayo sijawahi kuisikia. Hakuwa anakusudia. Ilikuwa inamtoka tu, kama mbegu kwenye mfuko uliotoboka.

Kwa mfano, mwaka jana ndipo nilipojua kwamba Kasimiri hakuweza kupiga mluzi, kwa hiyo alipokuwa mchungaji aliwaita ng'ombe kwa kukohoa. Nikakaa nikafikiri. Katika ndoa yetu yote, kila alipopata mafua, ng'ombe walikuwa wanakuja kusimama nyuma ya nyumba upande wa chumba cha kulala, na mimi nilikuwa nawafukuza kwa fimbo. Nilikuwa nawafukuza wakati wameitwa.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita. Nilikuwa kwenye foleni ya sabuni pale dukani, ile foleni ambayo tulikuwa tunajua sabuni haipo lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Teodori akanipita, akarudi, akanisalimia vizuri, shikamoo mama, marahaba. Kisha akasema, “Mama Lea, kumbe mzee wako utotoni aliwahi kupotea kwa kumfuata nyuki mmoja?”

Mimi habari hiyo sikuwa nayo. Nikamuuliza, “Alimfuata mpaka wapi?”

Akasema, “Hapo sikumbuki, mama. Aliingia mtu wa faini.”

Ndugu Hakimu, nilitoka kwenye foleni. Nusu ya habari ya mume wangu iko mahakamani, na nusu nyingine imepotea kwa sababu ya mtu wa faini. Ningeporwa kuku ningejua pa kwenda kushtaki. Huyu aliyenipora ndiye ambaye watu hushtaki kwake. Nauliza kwa heshima: hukumu yako ilisema nirudishiwe mtamba. Je, ilisema Mahakama ichukue hayo mengine?

4. Mtamba mwenyewe sina pa kumweka.

Sina mchungaji. Zizi letu liliangushwa na viboko waliopanda kutoka ziwani mwaka ule ule aliofariki Kasimiri, na sikulijenga tena kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua mti gani unaegemea upi. Severine anasema tutamuuza mtamba tupate fedha. Nimemuuliza fedha tutanunulia nini. Dukani kuna kaunta, kuna mizani, kuna mwuzaji aliyevaa koti. Bidhaa ndiyo hakuna. Siku hizi mtu anaweza kukaa na fedha mfukoni mpaka zikachakaa kwa kuguswa tu.

Akasema basi atamfuga yeye kwa niaba yangu kule Mutuka, na kweli ameshakata miti ya zizi jipya. Akaniambia, “Shemeji, deni la marehemu lisipokusanywa, marehemu hapumziki.” Nikamwambia Kasimiri alipumzika vizuri sana na hilo deni kwa miaka yote, tena baada ya chakula cha mchana.

5. Mke wa Isidori, Mama Marcel, jina lake Xaveria, ameniomba niandike na lalamiko lake.

Anasema siku ya soko ndiyo ilikuwa siku yake ya kukaa nyumbani kwa amani. Akilipa, Isidori hatakuwa na mahali pa kuzungukia, atakuwa anawahi kurudi. Xaveria anasema Mahakama haikumwita kama shahidi na haikujali hasara atakayopata.

6. Hata wakubwa hawafanyiwi hivi.

Jirani yangu ana redio, na betri zikiwepo tunasikiliza taarifa ya habari. Nimesikia kwamba nchi yetu nayo inadaiwa na nchi nyingine, na wanaotudai huja na mikoba, wakakaa hotelini, wakazungumza siku kadhaa, wakaondoka, wakarudi tena. Sijasikia mtu amepewa mwezi mmoja. Hata magazeti husema mazungumzo yalikuwa ya kirafiki na yataendelea. Sijui mambo ya wakubwa, ila nadhani na wao wanazo habari za ng'ombe wanazopeana. Nauliza tu kwa nini kinachofaa kwa nchi nzima hakifai kwa Isidori wa Bonga.

7. Hesabu ilipigwa upande mmoja.

Ulihesabu kile tulichompa Isidori. Kile alichotupa hakikuhesabiwa, kwa sababu hukuniuliza, na mimi nilifundishwa na masista kujibu ninachoulizwa.

Lea alipokuwa anakuja duniani ilikuwa masika na daraja lilikuwa limekwenda na maji. Isidori alimvusha mkunga mgongoni. Mkunga alikuwa mama mzito, na alikuwa anamwelekeza njia kwa kumpiga begani, bega la kulia kwa kulia, la kushoto kwa kushoto, kama punda. Isidori hakusema neno. Ila mpaka leo akimwona mama huyo kanisani anabadilisha benchi.

Kasimiri alipoanza kuumwa, Isidori alimpeleka hospitali kwa baiskeli. Isidori hajui kuendesha baiskeli. Aliiazima kwa sababu ina pa kukaa, akampakia mwenzake nyuma, akaikokota kwa miguu mpaka huko, na kurudi vilevile, kila mara alipohitajika. Watu waliokutana nao njiani wanasema walikuwa wanabishana kuhusu ng'ombe gani alikuwa na pembe iliyovunjika. Ng'ombe mwenyewe alikufa zamani.

Na siku ya mazishi, wenzake walipokwisha kuchimba na kwenda kunawa mikono, yeye alibaki chini mle kaburini na jembe, ananyoosha kuta. Padri alikuwa anasubiri. Mtu mmoja akamwambia, “Isidori, toka, inatosha.” Akajibu kwamba marehemu alikuwa hapendi mstari uliopinda, hata wa maharage. Wakamwacha amalize.

Sijui vitu hivi mnada ungeviwekea bei gani. Lakini nikivijumlisha peke yangu jioni, naona mtamba mmoja hafiki hata kwa yule mkunga. Maana yake ni kwamba mdaiwa katika kesi hii ni mimi.

Kwa sababu hizo zote naiomba Mahakama yako ifanye mojawapo ya mambo haya:

(a) Ifute hukumu, na deni lirudi kama lilivyokuwa, bila tarehe.

(b) Kama hukumu haifutiki, basi Isidori aruhusiwe kulipa kwa awamu, maana nasikia sheria inaruhusu. Napendekeza alipe kwato moja kila miaka mitano, baadaye pembe, na mkia mwishoni, ng'ombe akiwa hai wakati wote na akiendelea kukaa Bonga. Kila awamu iletwe nyumbani kwangu kwa maneno.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, basi Isidori anifungulie kesi mimi. Nakiri deni kuanzia sasa ili kuokoa muda wa Mahakama. Nihukumiwe. Nitakwenda Bonga kila siku ya soko, nitakaa karibu na mlango wa jiko la Xaveria, nitakohoa na kuomba nivumiliwe. Nimeanza kujizoeza. Ombi langu moja tu ni kwamba nisipewe muda wa kulipa, na karani asinielekeze nipitie ofisini.

(d) Kwa vyovyote vile, Teodori aagizwe kumuuliza Isidori ile habari ya nyuki iliishia wapi, na kuiandika yote, na nipewe nakala.

Nisalimie wazee wa baraza waliokaa nawe siku ile, hasa yule aliyelala, maana ndiye pekee ambaye hakunihukumu vibaya. Msalimie Teodori na mama yake. Wasalimie wenye kesi ya mbuzi kama bado wanakuja, na mbuzi mwenyewe kama bado ni kielelezo. Hapa kwetu wote wanakusalimu, Lea ameandika kutoka kwa mume wake kwamba hajambo, na Xaveria anasema umsamehe kama nimeandika lalamiko lake kwa ukali kuliko alivyolisema.

Ni mimi niliyeshinda bila kutaka,

Genoveva, mjane wa Kasimiri

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu bahasha hazipatikani mjini, nilikuwa nasubiri ile ya barua aliyotuma Lea, niliyoilowesha iachie gundi, ikauke niigeuze ndani nje. Wakati nasubiri, mwezi wenu uliisha.

Isidori amelipa. Nadhani unajua, maana ilikuwa mbele yako. Alimleta mtamba mzuri kuliko aliyepewa, akapewa stakabadhi, Severine akamfunga kamba akaenda naye Mutuka. Mimi sikuja. Nililetewa karatasi ya kusema deni limekwisha, nikaiweka kwenye Biblia kwa sababu sikujua karatasi ya namna hiyo inawekwa wapi.

Siku ya soko iliyofuata sikuweka maji motoni. Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta maharage, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba ndivyo siku za soko zitakavyokuwa sasa. Nikasikia mtu anapiga hodi. Alikuwa Isidori na kibuyu. Akakaa pale pake. Akaniambia habari za ng'ombe waliobaki, mmoja mmoja. Kisha akakohoa, akasema, “Mama Lea, lile jambo letu,” akanyamaza, kwa sababu jambo lenyewe halipo tena. Na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kumjibu. Tukabaki hivyo wote wawili kama watu waliosahau wimbo katikati ya misa.

Nikamuuliza, “Sasa Baba Marcel, kama hudaiwi, umezunguka huku kwa nini?”

Akafikiri. Akasema, “Na nyumbani Xaveria ameniuliza hivyo hivyo. Nimemwambia naenda kwa Kasimiri.”

Kwa hiyo, Ndugu Hakimu, naomba malalamiko yangu namba moja mpaka saba yasihesabiwe, na maombi yote manne yatupwe. Hukumu ilikuwa sawa. Nilidhani ni deni lililokuwa linamleta, na kumbe miaka yote hiyo deni lilikuwa linamwondoa. Mtu anayedaiwa huona aibu kukaa kwa mwenye mali yake, anakunywa kikombe kimoja, anaaga. Huyu asiyedaiwa alikaa mpaka kuku walipoingia bandani. Alikula ugali. Alisimulia habari tatu nisizozijua, mojawapo si ya kuandikwa kwa Mahakama. Alikunywa vikombe vinne, akauliza kama birikani kuna kitu, na sukari guru niliyokuwa nimeitunzia Noeli ikaishia hapo.

Silalamiki. Naomba tu kujua, kama kuna kifungu chochote katika sheria: mtu asiyedaiwa kitu anaruhusiwa kukaa kwa mwenzake mpaka saa ngapi? Nauliza mapema, kwa sababu keshokutwa ni siku ya soko na sukari guru huuzwa asubuhi tu.